Nafasi ya Jina

Hati imekamilika, imebaki nafasi ya jina.
Upana wake vidole vinne, baina ya "tumemteua"
na "awe jaji wa mahakama ya rufaa".
Mimi ndiye niiachaye, mimi ndiye niijazaye,
Sleyum wa dawati la mwisho, ghorofa ya tatu, Al-Khuwair,
kalamu ya mwanzi, wino mweusi, tone la dhahabu pembeni.

Usaili ni Jumatano. Leo Jumapili.
Mkurugenzi amekuja na kikombe cha kahawa,
kanzu imepigwa pasi hata inakwaruza,
kilemba rangi ya komamanga.
Ameniinamia sikioni, Kiarabu amekiacha mlangoni
kama mtu avuavyo viatu.
"Andika Zahrani. Ni mtu wetu."

Kiswahili chetu, hiki cha mama zetu,
walichokifunga kangani pamoja na mbuzi ya nazi
siku walipotoka Unguja hawajui watalala wapi,
kilichonibembeleza, kikanikanya, kikanifunza kuomba radhi,
hapa kazini kimekuwa ufunguo wa mlango wa nyuma.
Mtu wetu.
Hayahitaji mkalimani maneno hayo, wala shahidi.

Zahrani namjua. Si mtu mbaya.
Mitihani ya sheria aliizunguka kama dimbwi,
lakini kila Idi yumo sablani kwa mheshimiwa,
wa kwanza kufika, wa mwisho kunawa,
hucheka kabla kichekesho hakijafika mwisho.
Utii wake hauna mfupa, hulalia popote.

Na Muhenna?
Muhenna alikaa miaka kumi na mmoja mahakama ya bara,
kule chini ya majabali, maji ya falaji yanakogawiwa
kwa kivuli cha kijiti, na mjane naye ana zamu yake.
Tajiri mmoja akachimba kisima huko juu ya mfereji,
mitende ya chini ikaanza kukunja mikono.
Muhenna akasema: kifukiwe.
Hakuuliza kisima ni cha shemeji ya nani.
Tangu siku hiyo jina lake likitajwa, watu hutazama saa.

Sisi wenye khati twapima kwa nukta.
Alifu nukta saba,
haiwi sita na nusu kwa ajili ya udugu.
Bee ina tumbo lake, halishindiliwi.
Herufi iliyopendelewa huonekana toka mbali, kama jino bandia.
Ndivyo nilivyofundishwa, nami nikaamini
kwamba kila palipo na mizani pana mtu ameketi, anahesabu.

Lakini ngoja, nisijitie usafi.
Mwaka niliopata dawati hili tulikuwa watu ishirini na watatu.
Palikuwa na kijana wa Sur, kofia yake naiona hadi leo,
mkono wake mzuri kuliko wangu. Niliona, nikanyamaza.
Mjomba alipiga simu moja.
Sikuwepo aliposema, ila nayajua
maneno yenyewe, na yalikuwa mangapi.

Usiku, nyumbani, nikayaandika majina yote mawili
kwenye karatasi ya majaribio.
Zahrani likatoka safi. Hilo ndilo linaloniuma:
nilitaraji kalamu igome, wino uchuruzike.
Wino haukujali. Mwanzi hauna mtu wake.
Binti yangu Rayya, yuko mwaka wa pili wa sheria,
akapita na bilauri ya maji, akasoma, akasimama.
"Baba, usaili si Jumatano?"
Aliniuliza kwa Kiswahili. Sikuwa na lugha ya kumjibia.

Jumatano Muhenna akaja, jalada kwapani,
akaniamkia kabla ya kuwaamkia wakubwa,
akaketi kungoja kuitwa.
Akazitazama hati za zamani nilizozitundika ukutani,
akazitazama sana, kisha akasema:
"Khati yako ina uadilifu."
Nikamshukuru. Goti langu lilikuwa limeegemea droo,
na ndani ya droo jina la mwenziwe
lilikwisha kukauka.